Mapacha wa Kray na hela ya kijiwe: jibu kwa mama wa Uyole

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi nauza viazi hapa Uyole, Mbeya. Mwanangu wa pili anaendesha bajaji ya mkataba, Uyole hadi Mwanjelwa. Nyuma ya bajaji amebandika picha ya wazungu wawili waliofanana, wamevaa suti, chini imeandikwa KRAY. Anasema ni mapacha wa London, walikuwa wababe wenye roho nzuri, walisaidia maskini, walimpenda mama yao, polisi waliwaogopa, na waliua wahalifu wenzao tu. Ni kweli? Kama waliua, mbona hawakunyongwa? Hapa kwetu ingekuwaje? Naogopa kwa sababu siku hizi kijiweni kwao kuna vijana wanakusanya shilingi elfu moja kwa kila bajaji kila asubuhi, eti ya ulinzi. Aliyegoma alivunjiwa kioo. Mwanangu anawasifia. Niitoe hiyo picha?

JIBU: Marahaba, mama. Nitakujibu yote, ila hayo uliyoyaandika kuhusu elfu moja ya asubuhi ndiyo yaliyonifanya niandike kirefu. Mwanao anadhani habari ya London na habari ya kijiweni kwake ni vitu viwili. Nimefundisha sheria ya jinai miaka mingi hapa Iringa na nimesimama mahakamani kwa kesi za aina hii, na nakuambia ni kitu kimoja.

Mapacha hao walikuwepo kweli. Ronald na Reginald Kray, waliojulikana kama Ronnie na Reggie, walizaliwa tarehe 24 Oktoba 1933 mashariki mwa London, wakakulia Bethnal Green, mtaa wa Vallance Road, kwa watu wa hali ya chini. Walikuwa na kaka yao, Charlie. Wote watatu walikuwa mabondia, na Desemba 1951 walipanda ulingoni usiku mmoja pale Royal Albert Hall. Mwaka 1952 mapacha waliitwa jeshi la lazima. Siku hiyohiyo ya kuripoti Ronnie alimpiga koplo ngumi, wote wawili wakarudi nyumbani kwa mama. Wakawa watu wa kutoroka na kukamatwa hadi 1954, jeshi likawafukuza.

Kwamba walimpenda mama yao, Violet, ni kweli kabisa. Alipofariki mwaka 1982 walitolewa kifungoni wakiwa na pingu wakaenda kumzika. Lakini nani kasema muuaji hawezi kumpenda mama yake? Karibu kila mshtakiwa wa mauaji niliyemwona ana mama amekaa benchi la nyuma na kibakuli cha chakula alichokuja nacho alfajiri, na wengi wao wakiingia kizimbani macho yao humtafuta yeye kwanza. Hilo halimsaidii marehemu wala halipunguzi kosa.

Kusaidia maskini nako kulikuwepo. Walichangia wazee, walichangia hospitali na vilabu vya watoto, na mara nyingi mpiga picha alikuwa jirani. Ila muulize mwanao: hela ile ilitoka wapi? Hawakuwa na kiwanda wala shamba. Ilitoka kwa wenye baa, wenye mikahawa, wenye maduka na wenye nyumba za kamari wa mitaa hiyohiyo. Mtu ananyang'anywa kumi kisha anarudishiwa moja mbele ya kamera.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penyewe. Katikati ya miaka ya 1950 mapacha walichukua ukumbi mmoja wa pool uliochakaa, Mile End, ukiitwa Regal. Inasimuliwa kwamba kabla yao ukumbi ule ulikuwa na fujo kila usiku: meza zinachanwa, watu wanapigana, mwenye mali hana raha. Walipouchukua wao, fujo ikakoma. Mtu wa kawaida atasema hao vijana wameleta amani. Mtu wa upelelezi atauliza fujo ile ilikuwa ya nani. Kutoka hapo wakaanza kukusanya hela ya ulinzi. Wakubwa walilipa kwa wiki, fedha taslimu. Wadogo walitoa vitu: kreti ya bia hapa, sigara pale. Hakuna aliyepewa risiti. Na usifikiri walikuwa wakipiga watu kila siku. Haikuhitajika. Anapigwa mmoja, habari inatembea mtaa mzima, na wengine wote wanalipa bila kuguswa. Anayelipa hujiambia kwamba ni hela ndogo, bora amani. Baada ya mwaka ameshazoea, na mtoto wake anakua akiwaona wale jamaa kuwa ndio wakubwa wa mtaa.

Mwaka 1956 Ronnie alifungwa miaka mitatu kwa kumjeruhi mtu vibaya. Akiwa kifungoni madaktari walimwona ana ugonjwa wa akili, akahamishiwa hospitali ya Long Grove. Mwaka 1958 Reggie alikwenda kumtembelea wakabadilishana nafasi, Ronnie akatoka mlangoni kama mgeni. Vijana hupenda sana kisa hicho. Mimi naona ndani yake mgonjwa aliyeondolewa kwenye matibabu na kurudishwa mtaani.

Mwaka 1960 walipata klabu ya kamari ya Esmeralda's Barn, Knightsbridge, eneo la matajiri. Sasa wakawa wanakaa meza moja na wasanii, mabondia na wanasiasa. Picha yao inayojulikana kuliko zote, ya suti na tai, ilipigwa na David Bailey mwaka 1965, mpiga picha aliyekuwa akipiga mastaa wa London wakati ule. Bila shaka ya mwanao ni hiyo au mojawapo ya zilizoiga hiyo. Mwaka huohuo, 1965, walikuwa kizimbani kwa kosa la kudai fedha kwa vitisho kutoka kwa mwenye klabu moja ya usiku. Jopo la kwanza la wananchi waamuzi halikuelewana, la pili likawaona hawana hatia. Wakatoka wakainunua klabu yenyewe. Fikiria mlalamikaji alivyojisikia, na fikiria kila mwenye biashara aliyesikia habari hiyo alijifunza nini.

Kuhusu polisi kuwaogopa, si hivyo hasa. Mwaka 1964 gazeti la Sunday Mirror liliandika kuhusu uhusiano wa mwanasiasa mmoja mkubwa na jambazi wa London, ambaye ndiye Ronnie. Mwanasiasa huyo, Lord Boothby, alikana hadharani, gazeti likaomba radhi na kumlipa pauni 40,000. Baada ya hapo magazeti mengine yaliona hatari kuwagusa, na wanasiasa wa pande zote hawakutaka jambo hilo lichimbwe. Kwa hiyo walichokuwa nacho mapacha ni ukimya wa aina tatu: wa wakubwa waliochelea aibu, wa magazeti yaliyochelea kesi, na wa watu wa mtaani waliochelea visu. Askari hata akiwa shujaa, bila shahidi hana kesi.

Sasa mauaji yenyewe. Tarehe 9 Machi 1966, saa mbili na nusu usiku, mtu anaitwa George Cornell alikuwa amekaa kaunta kwenye baa ya Blind Beggar, Whitechapel. Alikuwa mtu wa kundi la akina Richardson, wapinzani wa akina Kray. Ronnie akaingia na kijana wake, Ian Barrie. Barrie akapiga risasi juu watu walale chini. Ronnie akamsogelea Cornell akampiga risasi ya kichwa, akatoka. Baa ilikuwa na watu. Mhudumu wa kike alikuwa hatua chache kutoka kwa marehemu, akakimbilia stoo ya chini. Siku zilizofuata Whitechapel nzima ilimjua muuaji kwa jina. Polisi walipomweka Ronnie kwenye gwaride la utambulisho, yule dada akapita mbele yake, akasema hamwoni mtu huyo.

Usimlaumu. Alikuwa mwanamke wa kazi, anaishi hapohapo, na aliyemwona akiua mbele ya watu alikuwa bado anatembea barabarani. Ungekuwa wewe? Ningekuwa mimi?

Desemba mwaka uleule mapacha waliwatuma watu wakamtoroshe mfungwa, Frank Mitchell, kutoka gereza la Dartmoor. Wakamficha kwenye nyumba moja London. Alikuwa mtu mwenye nguvu nyingi na hasira za kitoto, wakashindwa kumtuliza, na usiku wa tarehe 24 Desemba akatolewa ndani ya nyumba ile akauawa. Kwa mauaji hayo walishtakiwa wakaachiwa, na mwili haukupatikana.

Wa tatu ni Jack McVitie. Huyu alikuwa mtu wao wenyewe. Walimpa hela amuue Leslie Payne, mtu aliyekuwa akiwashauri mambo ya biashara na ambaye walianza kumshuku. McVitie hakuifanya kazi na hela hakurudisha. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Oktoba 1967 alialikwa kwenye sherehe, nyumba ya Evering Road, Stoke Newington. Alipoteremka ghorofa ya chini hakukuta sherehe. Reggie akamwelekezea bastola, ikagoma. Basi akachukua kisu, akamchoma mara nyingi huku Ronnie akihimiza. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Kwa hiyo mwanao akisema waliua wahalifu wenzao tu, mwambie awatazame hao watatu. Mmoja ni mpinzani. Wa pili ni mtu waliyemtoa gerezani wenyewe wakijiita rafiki zake. Wa tatu alikula nao. Ukihesabu, hatari kubwa zaidi ilikuwa kwa aliyekuwa karibu nao kuliko aliyekuwa mbali. Vijana wa kijiweni wanaowasifia wakusanyaji wanadhani kuwa karibu ndiyo kinga.

Walianguka vipi? Mpelelezi Leonard Read, ambaye alishindwa nao mwaka 1965, alirudishwa kwenye kazi hiyo mwishoni mwa 1967. Ofisi yake hakuiweka makao makuu. Aliihamishia jengo jingine, Tintagel House, ng'ambo ya mto Thames, ili habari zisivuje. Akamwendea Payne. Payne alikuwa na kila sababu ya kuzungumza, maana alijua walitaka kumuua, akaandikisha maelezo marefu sana. Bado mashahidi wengine walikataa. Wengi walisema jambo moja: wakamate kwanza, ndipo tuseme. Ni jambo gumu kwa mpelelezi, kwa sababu kwa kawaida unakusanya ushahidi ndipo unakamata. Read akaamua. Alfajiri ya tarehe 8 Mei 1968 vikosi vyake viligonga milango mingi kwa wakati mmoja, mapacha wakakutwa nyumbani kwa mama yao, wakawekwa ndani bila dhamana pamoja na wengi wa kundi lao.

Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Yule mhudumu wa baa alikwenda mahakamani akamtaja Ronnie. Dereva aliyewapeleka Blind Beggar alitoa ushahidi. Binamu yao aliyekuwepo Evering Road alitoa ushahidi. Watu walewale waliokuwa hawajui kitu mwaka 1966 walikumbuka kila kitu mwaka 1968, na kilichobadilika ni kwamba milango ya gereza ilikuwa imefungwa nyuma ya wakubwa wao na kila mmoja aliona kwamba hayuko peke yake. Kesi ilisikilizwa Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, kuanzia Januari 1969. Mwanzoni mwa Machi jopo liliwatia hatiani, Ronnie kwa Cornell na McVitie, Reggie kwa McVitie na kwa kusaidia baada ya mauaji ya Cornell. Jaji Melford Stevenson alisema jamii imestahili kupumzika na vitendo vyao, akawapa kifungo cha maisha na kupendekeza wasitoke kabla ya miaka 30. Walikuwa na umri wa miaka 35. Kaka yao Charlie alipata miaka 10.

Hawakunyongwa kwa sababu ya tarehe, mama. Uingereza ilinyonga watu wa mwisho Agosti 1964, na Novemba 1965 Bunge lake likafuta adhabu ya kifo kwa mauaji, kwanza kwa majaribio ya miaka mitano, kisha Desemba 1969 moja kwa moja. Cornell aliuawa miezi minne tu baada ya sheria hiyo. Ronnie alipelekwa hospitali ya Broadmoor mwaka 1979 akafia chini ya ulinzi mwaka 1995. Reggie alitolewa Agosti 2000 kwa sababu saratani ilishamshika, akafa tarehe 1 Oktoba, baada ya wiki tano za uhuru. Charlie alitoka, kisha mwaka 1997 akafungwa tena miaka 12 kwa kokeini, akafa mfungwa. Huo ndio mwisho wa wababe wote watatu.

Hapa kwetu ingekuwaje? Mauaji ya kukusudia husikilizwa na Mahakama Kuu, na kwa ukanda wetu ipo Mbeya na ipo Iringa. Ukitiwa hatiani adhabu iliyomo kwenye Kanuni ya Adhabu ni moja, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mama mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa kosa. Jaji hana chaguo jingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ile ya Arusha, iliamua kwamba kumnyima jaji chaguo ni kuvunja haki ya kuishi. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, marais waliofuata hawakusaini, na wengine wamepunguziwa adhabu kuwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo hukaa. Hukaa miaka na miaka, na hawajui kesho italeta nini.

Na mwili usipopatikana, kesi haifi. Mahakama zetu zinaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mazingira, mradi mazingira hayo yote yaelekee upande mmoja na yasiache tafsiri nyingine ya maana.

Kuna sehemu ya sheria ambayo kila dereva wa bajaji anapaswa kuijua. Watu wawili au zaidi wakiwa na nia moja ya kufanya kosa, na katika kulitekeleza likatokea kosa jingine ambalo lilitarajiwa kutokana na walichokuwa wakikifanya, wote huhesabiwa kuwa wamelitenda. Aliyepanga, aliyeshika mikono ya mtu, aliyesimama mlangoni, na aliyeendesha. Pale London walifungwa kifungo cha maisha hata watu ambao hawakushika kisu. Ndugu wawili waliomleta McVitie kwenye nyumba ile ni miongoni mwao. Hapa kwetu dereva anayewabeba vijana watatu usiku akijua wanakwenda kumshughulikia mtu aliyegoma kulipa, na mtu huyo akafa, atasomewa shtaka la mauaji pamoja nao. Utetezi wa kwamba mimi nilibeba abiria tu hauna nguvu kama ilishajulikana anawasifia, anakaa nao na anakula nao. Vijana wengi hukamatwa mahali hapo, wakiwa hawajamgusa mtu.

Kuhusu picha, usiichane. Ukiichana atabandika nyingine na hatakuambia tena kitu. Kaa naye jioni moja akishamaliza hesabu ya tajiri, umsimulie habari ya yule mhudumu wa baa, maana katika kisa chote yeye ndiye anayefanana na nyinyi: mtu wa kazi, aliyeona, aliyeogopa, na aliyekuja kusema wakati ilipowezekana kusema. Muulize nani katika hao watu alikuwa na ujasiri.

Sasa elfu moja ya asubuhi. Ada halali ya chombo inajulikana: leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ushuru wa halmashauri, michango ya umoja wa madereva. Za serikali zina control namba, za umoja zina katiba na mweka hazina. Hela inayochukuliwa mkononi na kijana asiye na kitambulisho, na anayegoma anavunjiwa kioo, hiyo ni kudai mali kwa vitisho, kosa la jinai, hata kama ni mia tano. Wala haina haja mtu afe ndipo sheria ihusike.

Mwanao asiende polisi peke yake, na wewe usiende peke yako. Aliyevunjiwa kioo ndiye mlalamikaji mzuri kuliko wote kwa sababu ana hasara inayoonekana, na picha ya kioo kile ipigwe hata kama kimeshabadilishwa, pamoja na risiti ya fundi. Wapo pia matajiri wa bajaji. Hao wanaibiwa kila siku bila kujua, maana dereva akitoa elfu moja kijiweni lazima hesabu iyumbe mahali, na wengi wao hawakai kijiweni, kwa hiyo hawana hofu ileile. Viongozi wa umoja wawatafute, waende pamoja siku moja, wengi kadiri inavyowezekana, kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya au wa mkoa badala ya kaunta ya kituo kidogo cha jirani, wafungue jalada na watoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yao polisi. Kila mmoja aandikishe maelezo yake ya alichokiona yeye mwenyewe: tarehe, nani alichukua, alisema nini. Asisaini kabla ya kusomewa. Asiongeze chumvi hata kidogo, kwa sababu maelezo yakigongana mahakamani kesi huanguka na vijana wale watarudi na jina kubwa zaidi, kama mapacha walivyorudi mwaka 1965.

Mwulize mpelelezi waziwazi kuhusu ulinzi wa mashahidi. Tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na katika kesi nzito Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiomba Mahakama Kuu ifiche majina ya mashahidi. Kwa kesi ya elfu moja huenda wasifike huko. Ndiyo maana nasisitiza wingi: walalamikaji kumi na watano ni vigumu kuwatisha wote, na kila mmoja wao akiona jina lake liko katikati ya majina mengine atasimama mahakamani.

Kama kiongozi wa umoja anasita, au wewe mwenyewe unahisi yuko pamoja na wakusanyaji, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa kisha kwa polisi kata, ukiwa na mama mwenzako mmoja au wawili ambao watoto wao wanaendesha. Niandikie namba ya RB ikishapatikana, nitakueleza hatua inayofuata. Nami nikiwa Mbeya nitakuja niongee na hao madereva bila malipo, mwanao akiwemo.